Mbegu Kuota Si Dawa

Pembezoni mwa mto Kisat, unaopitia eneo la viwanda mjini Kisumu kabla ya kuingia Ghuba ya Winam, watu hulima mboga. Ukiwauliza kuhusu uchafu, jibu huwa jepesi: mbona mbegu zinaota?

Hoja hiyo, ndugu msomaji, ina kasoro. Ganda la mbegu huzuia sehemu kubwa ya madini ya risasi, na chipukizi huanza kwa kula akiba iliyomo ndani ya mbegu yenyewe. Balaa huja mzizi unapochomoza na kugusa udongo: hudumaa, ncha ikageuka kahawia. Kadimiamu ni kali zaidi, kwani huvuruga kazi ya kugeuza wanga wa mbegu kuwa sukari. Mbegu huchelewa, nyingine hazioti kabisa.

Risasi hutoka katika betri kuukuu za magari, rangi za zamani na petroli. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya mwaka 2006, lakini risasi haiozi.

Wanafunzi, jaribuni hivi. Jazeni mkebe mmoja udongo wa shamba hilo, mwingine udongo wa mbali na barabara na viwanda. Pandeni mbegu kumi za sukuma wiki kila mkebe. Baada ya siku kumi msihesabu miche tu. Ing'oeni taratibu, mpime mizizi kwa rula. Ikiwa mifupi mno, pelekeni udongo maabara, maana hata chumvi hudumaza mizizi.

Ikiwa mirefu, msishangilie mapema. Mboga za majani huweza kubeba kadimiamu bila kunyauka, na kuziosha huondoa vumbi tu, si kilichopandia mizizini.