Aliyesaidia Bure Naye Ana Dhamana

Mpanda kuna kauli inayofunga kila mjadala: "Kakusaidia bure, sasa unamlaumu nini?" Husemwa betri ya sola ikifa, husemwa mahindi yakiungua baada ya kupuliziwa dawa, na ikishasemwa aliyepata hasara hunyamaza huku akionekana hana adabu. Kauli hiyo naipinga waziwazi. Inamlinda asiyedhurika na kumwachia mwenye hasara mzigo wote.

Katika mkoa huu wa Katavi msaada wa bure si jambo la pembeni. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na vijijini watu wakajifungia sola kwa kuelekezana. Shambani ni hivyo hivyo. Serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani mwaka 2022, lakini hakuna pikipiki inayoweza kumfikisha bwana shamba kila shamba siku mdudu anapoingia. Anayeulizwa kwanza ni jirani, fundi wa kona, kijana aliyepita VETA. Neno lao linafuatwa, na kwa sababu linafuatwa lina deni.

Angalia viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017. Mkulima wa Kakese, hapa hapa Mpanda, anauliza apulize nini. Anajibiwa hapo hapo: "Weka vifuniko viwili kwa bomba." Hakuulizwa ana dawa gani, bomba lake ni la lita ngapi, wala kiwavi amefikia ukubwa gani. Vifuniko vya chupa havilingani, na nguvu ya dawa moja si ya nyingine. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hakimo kichwani mwa aliyepulizia shamba lake mwaka jana. Tena kiwavi huyo akishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi chake, dawa ikapita juu kwa juu. Anayeshauri bila kuuliza hayo amebahatisha, na amebahatisha kwa mali ya mwenzake. Katavi mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Ukiharibikiwa Januari, hakuna vuli ya kukufidia. Mshauri hakupokea hata shilingi, kweli. Lakini mkulima ameshalipa mbegu, mbolea, dawa na chakula cha nyumba nzima. Bure hiyo ilikuwa ya nani?

Wapo pia wanaodhani kwamba ujuzi unawapa ruhusa ya kutoa maoni badala ya jibu. Mama anauliza afungeje paneli yake kwenye betri, anaambiwa paneli yenyewe feki, ametapeliwa, angenunua ile nyingine. Watu wanacheka. Alichohitaji kujua hakikusemwa: kwamba paneli ya volti 12 kwenye jua kali inaweza kufika volti 20 ikiwa haijaunganishwa na kitu, ilhali betri ya kawaida ya asidi isichajiwe kupita volti 14 na nusu hivi, na ndiyo maana kontrola ya chaji hukaa katikati. Hakuambiwa pia kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiikamua usiku kucha kwa taa na redio haitadumu. Mjibu alichouliza kwanza. Kama una maoni, yaje baadaye, na useme kwamba ni maoni. Aliyechekwa leo hatauliza tena. Kesho ataunga nyaya kwa kukisia, na nyumba ni ya nyasi.

Najua nitakavyojibiwa: ukianza kuwadai watu wema, wema utakwisha. Mtu mwema ninayemjua mimi huuliza maswali matatu kabla ya kujibu, na asipojua husema hajui, kisha anakuelekeza kwa anayejua. Huyo hatishwi na dhamana kwa kuwa tayari anaibeba. Sheria ya Kiislamu ililitazama jambo hili zamani: katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake. Hapo halikuwekwa sharti la malipo.

Kibaya zaidi katika kauli ile ya "kakusaidia bure" ni kwamba inakata habari. Mkulima akinyamaza kwa adabu, mshauri anabaki akiamini vifuniko viwili vilifanya kazi. Wiki hiyo hiyo anampa kipimo hicho mtu wa Mwamkulu, na mwingine wa Kasokola, kwa moyo mweupe kabisa. Kwa hiyo uliyeunguziwa mahindi, rudi kwake. Nenda na chupa mkononi, msalimie, mshukuru kwa nia yake, halafu mpeleke shambani aone kwa macho yake. Nawe uliyeshauri, usikimbilie kusema ulisaidia bure. Chukua simu jioni hiyo uwatafute wote uliowapa kipimo kile, kabla hawajaingia shambani na bomba mgongoni.