Nani Aliyemfanya Mtoto Awe Mwalimu wa Mtoto Mwenziwe?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, liko jambo katika shule za watoto wetu ambalo lataka tulitazame kwa akili, si kwa ghadhabu peke yake. Huchaguliwa vijana wachache, wa miaka 14, 15 au 16, wakapewa mafunzo ya siku chache, kisha wakaitwa waelimishaji rika. Kazi yao ni kuwafundisha wenzao habari za kubaleghe, mimba, maradhi ya zinaa, na yale yapitayo baina ya mume na mke. Hoja ya wenye mpango huu ni kwamba kijana humsikiliza kijana mwenziwe kuliko amsikilizavyo mzee.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imewavuta wengi. Rika lina nguvu. Lakini kusikilizwa ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Yule kijana aliyemfundisha mwenziwe kuvuta sigara naye alisikilizwa sana. Lau kusikilizwa ndiko kungekuwa shahada ya ualimu, basi mwalimu mkuu wa kila mtaa angekuwa kijana mpotovu kuliko wote.

Mwenye kufundisha jambo hili hana budi awe na vitu vitatu: ilimu, siri na dhamana.

Ilimu ya siku chache si ilimu. Mtoto aliyebaleghe jana hawezi kumweleza mwenziwe maana ya kubaleghe, kwani yeye mwenyewe yumo katikati ya mto na hajaiona ng'ambo. Atasema aliyoyakariri, na akiulizwa swali lisilokuwamo atabuni jawabu, kwa kuwa haya ya kusema "sijui" mbele ya rika ni kubwa kuliko haya nyingine zote.

Siri nayo, ni mtoto gani wa miaka 15 awezaye kuitunza? Anayoambiwa asubuhi, adhuhuri yamekwisha enea shule nzima, na msichana wa watu amekwisha haribiwa jina.

Na dhamana ndiyo kubwa zaidi. Hebu tufikiri: msichana wa miaka 13 amwendee mwenziwe wa miaka 15, amnong'oneze kwamba yuko mtu mzima amchezeaye nyumbani kwao, naye ni jamaa, au ni mwalimu wake. Msitake kuniambia kwamba haya hayatokei kwetu. Hutokea majumbani, hutokea shuleni, na hutokea hata mahali pasomwapo Kurani. Sasa huyo mwalimu mtoto atafanya nini? Atakwenda polisi? Atasimama mbele ya wazee wa mtaa amshitaki mtu mwenye ndevu? Sheria za nchi zetu ni kali juu ya uovu huu. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1998, na Kenya mwaka 2006. Lakini sheria yataka mtu mzima wa kuishika na kuifikisha panapohusika. Kumtwika mtoto siri ya namna hiyo ni dhulma, na aliyedhulumiwa atabaki mikononi mwa mwenye kumdhulumu.

Wala haya si maneno ya masheikh peke yao. Kuanzia mwaka 1999 ulifanywa mradi mkubwa mkoani Mwanza, Tanzania, ulioitwa MEMA kwa Vijana. Zilichukuliwa jamii 20. 10 zikapewa mafunzo, na 10 zikaachwa ili zilinganishwe nazo. Katika shule za msingi, madarasa ya tano hadi ya saba, walimu walifundisha wakisaidiwa na waelimishaji rika, na zahanati nazo ziliandaliwa kuwapokea vijana. Walipopimwa vijana hao mwaka 2001 na 2002, walionekana wamezidi kujua. Lakini virusi vya ukimwi na mimba havikuonekana kupungua. Wakapimwa tena vijana wa jamii zile mwaka 2007 na 2008, na kwa upande wa virusi vya ukimwi tofauti haikuonekana. Watafiti wenyewe wakasema kwamba huenda mafunzo ya vijana yakafaa zaidi yakiwa ndani ya juhudi ya jamii nzima.

Zingatieni maneno hayo: jamii nzima. Pale Mwanza walikuwako walimu watu wazima, na bado haikutosha, kwa sababu mtoto hutoka darasani akarejea kwa watu wale wale na mwenendo ule ule. Basi itakuwaje pale kazi yote inapoachiwa watoto?

Lakini sasa nawageukia nyinyi, akina baba na akina mama mnaopiga kelele shuleni kwamba watoto wanaharibiwa. Nawauliza: mlango huu nani aliuacha wazi? Mtoto wa kiume ameamka usiku nguo zimemrowa, hajui ni ugonjwa au ni laana. Baba yuko barazani azungumza siasa. Mtoto wa kike ameona damu, amelia peke yake msalani, mama amemtupia kitambaa na kumwambia neno moja tu: "Usicheze na wavulana." Huyo atakwenda kwa nani? Atakwenda kwa rika. Shule haikumbuni mwalimu huyu. Aliyemteua ni baba aliyenyamaza na mama aliyenyamaza. Shule imempa jina tu. Wazee wetu walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo umo ndani ya simu, chini ya mto wa mtoto wako.

Msiniambie ni haya. Haya ya kweli ni katika imani, nayo humzuia mtu na uovu, haimzuii na ilimu. Bi Ummu Sulaim alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza waziwazi kama mwanamke aotaye usingizini hulazimika kuoga. Mtume hakumkemea, alimjibu kwamba ndiyo, akiona maji. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Fungueni Safinatun Najaa, kijitabu ambacho mtoto wa pwani huanza nacho chuoni. Baada ya nguzo za Uislamu, nguzo za Imani na maana ya shahada, linalofuata ni alama za kubaleghe: kutimia miaka 15, kuota, na hedhi kwa mwanamke. Mlango wa udhu haujafika bado! Wanavyuoni wetu waliliweka mbele kwa kuwa hapo ndipo mja anapoanza kuandikiwa thawabu na dhambi. Leo wako walimu wa vyuo ambao wakifika hapo huwakaririsha watoto maneno ya Kiarabu kama kasuku, kisha wakapita mbio. Huo si ufundishaji, ni kukimbia amana.

Na mtazameni Mtume (S.A.W.) na yule kijana aliyekuja kumwomba ruhusa ya kuzini, kama alivyopokea Imam Ahmad. Watu walimkaripia. Mtume alimwita karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, na binti yake, na dada yake, na shangazi yake. Kila mara kijana alijibu hapana. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Hakumfukuza, wala hakumpeleka kwa vijana wenziwe wakamfunze. Alimfunza yeye mwenyewe, uso kwa uso.

Hata mila zetu zililijua hili. Katika unyago mna mambo ambayo dini haiyakubali, na hayo hatuyatetei. Lakini tazameni aliyesimama kufunza: somo, kungwi, mtu mzima aliyekwisha kuolewa na kuzaa, ambaye mwari akipatwa na jambo ataulizwa yeye. Tumemwondoa kungwi, na badala yake hatukuweka mtu.

Basi yafaa tufanye hivi. Baba amkalishe mwanawe wa kiume, na mama amkalishe binti yake, kabla ya kubaleghe na si baada. Asiyeweza amtume shangazi, bibi au mjomba aliye mwaminifu. Tuwatenganishe watoto malaloni wafikapo miaka 10, kama alivyoamrisha Mtume (S.A.W.), na tuwafunze kubisha hodi katika nyakati tatu zilizotajwa katika Sura ya An-Nur, aya ya 58. Tumwambie kila mtoto kwamba mwili wake ni amana, na kwamba akiguswa na yeyote, hata awe nani, aje aseme, naye hatapigwa. Vyuoni, wavulana wafunzwe na mwalimu mwanamume na wasichana na mwalimu mwanamke, na waalikwe daktari na muuguzi waeleze ya maradhi.

Na shuleni tusiende na mawe, twende na hoja. Tuombe tuonyeshwe yanayofundishwa. Tudai afundishe mtu mzima mwenye ujuzi na tabia njema, wasichana mbali na wavulana mbali. Na rika lao tuliachie linaloliweza: kukumbushana sala, kuhimizana masomo, na kumshika mkono mwenzao aliyefikwa na jambo wakamleta kwa mkubwa.

Lakini mkubwa huyo awepo. Wakimleta wakamkuta amenyamaza, watarudi naye walikotoka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachunga wenye kuangalia walio chini yao, na awahifadhi watoto wetu. Amin.