Medali ya Babako Ungeiuza?

Wasee, tafuteni picha moja. Aprili 1968, Atlanta, mazishi ya Martin Luther King. Kasichana ka miaka 5 kamelala mapajani mwa mamake, macho yako mbali. Mpiga picha, Moneta Sleet, alishinda tuzo ya Pulitzer. Kasichana kenyewe ni Bernice King, na wengi wetu tumemwacha hapo tu, kwa picha. Mimi naona tunamkosea.

Hebu fikiria. Mwaka uliofuata baba yake mdogo akafa maji. 1974, nyanyake akapigwa risasi Jumapili akicheza kinanda ndani ya kanisa la Ebenezer. Angekata kuona kanisa tena, nani angemlaumu? Lakini 1988 alisimama kwa hiyo hiyo Ebenezer akatoa mahubiri yake ya kwanza. 1990 akamaliza digrii mbili Emory, ya theolojia na ya sheria.

Sasa ile imenifanya nimheshimu ni ya 2014. Kaka zake wawili walitaka kuuza medali ya Nobel ya baba yao na Biblia aliyokuwa akisafiri nayo. Kura ilikuwa 2 kwa 1. Yeye ndiye alikuwa navyo, akakataa kuvitoa, mambo yakaishia kortini. Manze, kupinga serikali ni rahisi kuliko kupinga kaka zako mbele ya dunia nzima. Na hapo pesa ilikuwa mob, na yeye pia angepata fungu lake.

2017 Pepsi walitoa tangazo eti soda inatuliza polisi kwa maandamano. Aliposti picha ya babake akisukumwa na polisi, na sentensi moja ya kejeli. Pepsi wakaliondoa na kuomba msamaha.

Si malaika. 2004 aliongoza maandamano yaliyopinga ndoa za jinsia moja, ilhali mamake alitetea haki za mashoga waziwazi. Wanaomkosoa kwa hilo wana hoja.

Lakini jina kubwa kwa wengi ni la kuombea kura na tenda. Hapa kwetu tunawajua, sihitaji kutaja. Bernice alilichukua kama deni, na tangu 2012 anaongoza King Center, kituo alichoanzisha mamake.

Haya, niambie ukweli: kura ni 2 kwa 1 na medali iko kwako. Ungeitoa?