Wenyeji wa ndani ya jani

Nikiwa fildi Ifakara, mama mmoja alinipeleka kwenye jaruba lake la mpunga. Majani yalikuwa yamekauka kingo, kuanzia nchani kushuka chini. “Mwanangu, nimepiga dawa mara mbili, mbona ugonjwa hausikii?” Nikaomba chupa nisome. Ilikuwa dawa ya ukungu, na dalili zile zilikuwa za bakteria. Hela yake imeenda bure. “Haya, nipige ipi sasa?” Hapo mtaalamu wa mwaka wa tatu nikabaki nakuna kichwa.

Wanachuo wenzangu, darasani bakteria tunamsoma kama adui. Lakini hata ndani ya jani lenye afya wamo bakteria wanaoishi bila kuudhuru mmea. Wengine hugombania chakula na nafasi na vimelea, wengine huamsha kinga ya mmea wenyewe.

Siyo hadithi. Mwaka 2021 watafiti wa China na Austria walieleza habari za bakteria aitwaye Sphingomonas melonis, anayeishi ndani ya mbegu za mpunga. Walikuta mpunga wa aina moja unaugua eneo hili na kupona eneo lile, na tofauti ni huyo mpangaji. Hutoa kemikali inayomzuia kimelea kinachoua miche kutengeneza sumu yake. Tena mmea humrithisha kwa kizazi kinachofuata kupitia mbegu.

Sasa fikiria bonde la Kilombero, ambako wakulima wengi hujiwekea mbegu zao za supa msimu hadi msimu. Huenda kwenye magunia yale mna zaidi ya mbegu. Kwa nini projekti zetu ziishie kulinganisha dawa za dukani? Tuchume majani ya mashina yaliyobaki mazima katikati ya shamba linaloumwa, tuoteshe bakteria waliomo, tuwapime.

Najua mtasema wengi hung'ara maabara na kushindwa shambani. Kweli kabisa, na kimyanga ni kirusi, hadithi nyingine. Ndiyo maana majaribio yafanyike bondeni kwenyewe, TARI Ifakara ipo palepale. Mji huu umeifundisha dunia mengi kuhusu malaria. Kwa mpunga tunashindwa nini?

Yule mama bado anasubiri jibu. Sitaki kurudi kwake na jina la ugonjwa tu.