"MAISHA YAKE YAMEISHA" – Sehemu ya 4

Nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini hili siwezi kulala nalo.

Alfajiri nimemzalisha binti wa miaka 17. Mtoto wa kike, kalia vizuri, kanyonya vizuri. Nikatoka nje kumpa mama yake habari njema. Akaniangalia, akasema, "Sista, mjukuu nimempata, ila mwanangu ndio basi tena. Maisha yake yameisha." Halafu akaingia wodini akalirudia hilohilo mbele ya binti.

Naomba nieleweke. Yule mama kalima tumbaku misimu minne amnunulie mtoto sare na madaftari. Uchungu wake naujua. Na sisi manesi tusijitoe: mwaka wangu wa kwanza kazini neno hili nimelitamka mwenyewe, kwa mzazi mdogo kuliko huyu. Lakini ni uongo. Tena ni uongo unaomfanya binti akubali mume yeyote atakayekuja mlangoni, kwa sababu si ameshaambiwa hana pa kwenda?

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kuficha uso. Miaka miwili nilikaa nyumbani, nauza vitumbua pale stesheni treni ikiingia, sijui kesho wala keshokutwa. Mashangazi wakasema nimepotea. Mama yangu hakusema kitu, aliendelea kuninunulia mchele na mafuta ya vitumbua. Nikarisiti Baiolojia na Kemia, nikaingia chuo cha uuguzi nikiwa na miaka 22. Tofauti yangu na yule binti ni kwamba mimi sikuwa na mimba. Hiyo ilikuwa bahati, jamani, sio akili.

Na sisi watu wa Tabora ndio wa mwisho kumcheka mtu aliyesimama njiani. Mji huu umekuzwa na watu waliosimama njiani! Misafara ilifika hapa kutoka Bagamoyo, wapagazi wakashusha mizigo, wengine wakaendelea Ujiji, wengine Karagwe, wengine wakakaa miezi. Livingstone, mtu mzima wa miaka 59, alikaa Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri tu wapagazi watoke pwani. Walipofika, akaondoka. (Najua, alifariki mwaka uliofuata, msinikosoe.) Mzee yule aliruhusiwa kusubiri miezi mitano. Binti wa miaka 17 mnamhukumu kabla hata hajanywa uji wa uzazi.

Mlango upo. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anarudi shule. Mwongozo uliofuata ukatoa miaka miwili. Miaka miwili, mama! Ukitumia mmoja kununa, umebaki na mmoja. Asipotaka kurudi darasani na wadogo zake, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, Sikonge na Urambo vipo.

Mtasema, "Sista unashabikia mimba za utotoni." Mimi ndiye ninayewashona, nazishabikiaje? Mbona huyo aliyempa mimba hamsemi maisha yake yameisha? Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayempa mimba mwanafunzi kifungo miaka 30. Nyumbani mnamalizana kwa ng'ombe wawili, kisha hasira yote mnahamishia kwa binti.

Najua swali la kweli ni lingine: nani abaki na mtoto? Hapo ndipo bibi anahitajika, na si maneno yake. Miezi sita ya mwanzo mtoto anyonye tu. Binti akianza masomo, akamue maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, yanakaa masaa manne kivulini penye ubaridi, bibi anampa kwa kikombe. Kwa joto letu la Oktoba yasifike hata hayo masaa manne. Wakija kliniki nawaelekeza bure.

Binti ataruhusiwa kesho. Nimemwomba mama yake aje na jina la mwalimu mkuu, tuongee naye kwa simu yangu. Kanijibu, "Nitaangalia." Hakusema hapana.

Sehemu ya 5 nikiamka.