Mwalimu, isome kwanza kwa sauti
Na Mwanaisha Kazungu

Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", jitu linaingia kwenye mkahawa wa Mzee Mago na kula kila kilichopikwa. Msomaji wa kimya huipita sehemu hiyo mbio akisaka maudhui. Isome kwa sauti, polepole, sahani baada ya sahani. Wasikilizaji watacheka, kisha kicheko kitakatika watakapong'amua kwamba linaloliwa pale ni Madongoporomoka nzima, ardhi na vibanda vya wanyonge. Hakuna mwongozo wa mtihani unaolifunza hilo kama masikio.

Hadithi fupi ya Kiswahili imenawiri, na nalisema hilo kwa furaha. Diwani ya "Damu Nyeusi" ya 2007 iliingia katika shule za sekondari za Kenya, ikafuatwa na "Tumbo Lisiloshiba", na sasa ni zamu ya "Mapambazuko ya Machweo". Vijana wetu wanasoma waandishi wa zama zao wenyewe. Hiyo ni neema.

Lakini neema hiyo tumeifungia kwenye Karatasi ya Tatu ya mtihani wa Kiswahili. Hadithi huingia darasani ikiwa imeshakatwakatwa: dhamira huku, wahusika kule, tamathali pembeni. Mwanafunzi anaweza kuijibia maswali yote bila kuisikia hata mara moja.

Na walioziandika ni watu wa sauti! Ken Walibora, mmoja wa wahariri wa "Damu Nyeusi" na mwandishi wa hadithi iliyokipa kitabu jina, alikuwa msomaji wa habari. Mohammed Khelef Ghassani, mwenye "Maeko" humo humo, ni mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Aliyezoea maikrofoni hujua sentensi ikomee wapi msikilizaji apumue. Hadithi ya "Mke Wangu", nayo ya kitabu hicho hicho, husimuliwa na mume mwenyewe, na majivuno yake hayafichiki mtu anapoyatamka.

Riwaya haiishi kwa kikao kimoja. Hadithi fupi huisha kabla kengele haijalia, na ingetosha kabisa katika kipindi cha usiku redioni, baada ya taarifa ya habari. Wakuu wa vituo vyetu, tupeni nusu saa hiyo kila wiki.

Nawe mwalimu wa Kiswahili, wiki hii waambie wanafunzi wafunge vitabu, uwasomee hadithi moja mwanzo hadi mwisho. Maswali yaje kesho yake.