Kurasa za Umma Zipewe Hati Zake

Atakaye kujua thamani ya karatasi na aende Tunduma. Katika mji huo wa mpakani, mkoani Songwe, hupita malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam yakielekea Zambia, na mengine huendelea hadi Kongo. Ofisa wa forodha haanzi kazi yake kwa kufungua turubai. Huanza kwa kusoma hati: ni mali gani, ya nani, imetoka wapi, yaenda wapi. Tangu Oktoba 2019, Marais wa Tanzania na Zambia walipokizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanywa mahali pamoja. Hata hivyo, kituo hicho hakiwezi kumfaa dereva aliyekuja bila hati.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu Serikali ina shehena nyingine inayosafirishwa kila siku, nayo ni habari: amri, ada, ratiba, masharti ya vibali na matangazo ya afya. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zilizinduliwa tovuti zake, na mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao. Kazi hiyo yastahili pongezi. Lakini zingaliko kurasa za umma zinazotumwa barabarani bila hati, halafu tunashangaa kwamba hazifiki.

Hati ya ukurasa wa intaneti huitwa metadata, yaani maelezo mafupi yanayoueleza ukurasa wenyewe. Hukaa mahali ambapo msomaji haoni, lakini mashine huona. Hapo huandikwa kichwa cha ukurasa, muhtasari wa sentensi moja au mbili, lugha, tarehe na anwani halisi. Mashine za utafutaji kama Google huyasoma ili kujua ukurasa unahusu nini, na aghalabu kichwa na muhtasari huo ndivyo anavyoviona mtafutaji kabla ya kuchagua afungue wapi. Ukurasa ulioitwa "Mwanzo" au "Tangazo" tu, utajulikanaje miongoni mwa maelfu wenye jina hilo hilo?

Lichukuliwe jina la Songwe lenyewe. Ni jina la mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni jina la wilaya ndani ya mkoa huo. Ni jina la mto ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi. Tena ni jina la uwanja wa ndege ambao haumo katika Mkoa wa Songwe kabisa, kwani uko Mbeya. Mgeni akichanganyikiwa, wenyeji humwelekeza. Mashine haina mwenyeji wa kuielekeza. Yategemea yale iliyoandikiwa.

Zaidi ya kutafuta, kuna kupelekeana. Siku hizi wananchi wengi huletewa tangazo na ndugu au rafiki kwa WhatsApp. Kiungo kinapotumwa, programu hiyo huuchungulia ukurasa ikitafuta kichwa, muhtasari na picha vilivyoandikwa kwa utaratibu uitwao Open Graph, ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010. Ikivikuta, huonyesha kadi nadhifu. Isipovikuta, mpokeaji huweza kuona mstari wa herufi na namba usiomwambia kitu. Tapeli analijua hilo. Ukurasa wake wa ajira za uongo una kichwa cha kuvutia na nembo aliyoiiba. Basi mwananchi huletewa uongo uliovaa suti na ukweli ulio mtupu, kisha tunamlaumu kwa kuchagua vibaya! Kadi peke yake si uthibitisho, na anwani yenye .go.tz ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini ukweli nao hauna sababu ya kwenda uchi.

Ugonjwa huu huzidi katika mifumo mipya ambayo kurasa zake hutengenezwa ndani ya simu ya mtumiaji. Mwenye simu huona kila kitu baada ya muda mfupi, lakini mashine nyingi zinazochungulia viungo hazisubiri. Hukuta ganda tupu na kuondoka. Kwa mifumo ya namna hiyo, maelezo hayana budi kuandikwa na seva kabla ukurasa haujatumwa, na kila ukurasa uwe na yake, mfumo mzima usigawane kichwa kimoja.

Tarehe nayo si pambo. Aprili 2025 Serikali ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, na baada ya siku chache zuio hilo likaondolewa. Mkoa wa Songwe unapakana na Malawi upande wa Ileje. Tangazo la namna hiyo lisipokuwa na tarehe laweza kuzunguka katika simu kwa miezi mingi, likamfanya mfanyabiashara aache kununua au auze kwa hasara. Amri iliyokwisha isiachwe itembee kama iliyo hai.

Msomaji wetu wa Unguja, Pemba au Mafia atauliza: ya Tunduma yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu sana. Twala mchele na maharage ya Nyanda za Juu Kusini, na wako wenzetu wanaosafiri hadi mpakani kutafuta riziki. Mkazi wa Tunduma aweza kwenda kwa miguu kuuliza dirishani. Mtu wa Wete lazima avuke bahari, kisha asafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Kwake yeye, ukurasa usioonekana ni ofisi iliyofungwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli, kwa kuwa mnunuzi hukiona chema kwa macho yake. Katika intaneti chema hakionekani mpaka kitajwe. Wala hatusemi kurasa zipambwe kwa hila. Kurundika maneno ya kutafutia hakusaidii: Google ilikwisha kutangaza mwaka 2009 kwamba orodha ya maneno hayo haiitumii katika kupanga matokeo. Hati ya uongo ni kosa forodhani, na ihesabiwe kosa hapa pia.

Gharama ya jambo hili ni mistari michache katika kila ukurasa. Kwa hiyo twatoa wito kwa taasisi za Serikali Mtandao, Bara na Zanzibar, zilifanye kuwa sharti la ukaguzi. Mfumo wa umma usipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla hati hizo hazijakamilika. Kila tangazo liwe na kichwa chake, muhtasari kwa Kiswahili kinachoeleweka, tarehe ya kutolewa na ya kurekebishwa, na picha yenye nembo halali. Ofisa habari ndiye auandike muhtasari, asiachiwe fundi peke yake. Na kabla ya kulitoa tangazo, ajitumie kiungo kwa simu yake aone mwananchi atakachokiona.

Fedha za umma zimekwisha kununua lori, na shehena imekwisha kupakiwa. Kuliacha limesimama kwa kukosa karatasi moja ni uzembe usio na udhuru.